Darubini Ndogo ya Mzee Kazungu

Vijana wangu wa karakana,

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani yenye jina langu na cheo changu cha mwisho. Saa hiyo imesimama tangu juzi, na cheo nacho sidhani kitatembea tena, kwa hiyo sitakisimulia. Mlichoniomba ni kingine: niwaeleze tulichaguaje darubini za bunduki zamani, kabla ya makaratasi ya kiwandani kuanza kutuamulia. Nitawaeleza, ila mnivumilie. Siku hizi nikikaa barazani baada ya alasiri mambo ya kale huja yenyewe, polepole, na mengi huja yakiwa ndani ya duara, yakiwa karibu na hayana sauti.

Niliingia kazini miaka michache kabla ya uhuru. Karakana ilikuwa Kisauni, ng'ambo ya daraja la maboya, kando ya njia ya kuteremkia Frere Town. Kilikuwa chumba kimoja kirefu cha mawe, chenye jiliwa mbili, meza iliyolowa mafuta na mlango uliotazama mkono wa bahari. Fundi mkuu alikuwa Rustam, Mbaluchi wa Makupa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba na kovu lililoikata nyusi yake ya kulia. Tulitengeneza bunduki za askari wa wanyamapori, wale tuliowaita magemu, na za wawindaji wa Kizungu waliopitia kwetu wakielekea bara.

Siku ya kwanza nilitarajia kupewa tupa. Rustam alinipa darubini tupu, isiyofungwa kwenye bunduki, akanionyesha kiti cha mlangoni.

"Keti hapo utazame. Ukichoka, tazama tena."

"Nitazame nini, Fundi?"

"Chochote. Kazi yako leo ni kujua jito lako liko wapi." Jicho yeye aliliita jito.

Nilitazama mpaka adhuhuri. Niliona minazi ya ng'ambo ikinijia bila kelele. Niliona mwanamke akipepeta mchele, makapi yakielea mbele ya uso wake, akacheka na mtu ambaye sikumwona. Nikisogeza kichwa kidogo tu, giza liliingia kutoka pembeni na dunia yote ikazimika. Nikirudi mahali pangu, ilirudi nayo, mwanamke yule angali anapepeta. Nilisahau njaa. Nadhani niliipenda kazi hii kabla sijaijua ni kazi gani.

Mengine niliyajua kwa mikono. Adui yetu mkubwa hakuwa nyati wala chui, alikuwa hewa ya pwani. Darubini ikiachwa rafuni msimu mmoja wa mvua, kuvu humea ndani ya kioo, na hapo ni kuitupa. Kila darubini yetu ililala kwenye kopo la biskuti pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu, ambao hunyonya unyevu. Mke wa Rustam alilalamika kwamba darubini zinakula mchele kuliko wanawe. Nilijua pia kwamba skrubu ya kibano kinachoshika darubini haikazwi kwa hasira, na kwamba darubini inayotaka jicho liikaribie mno haifai juu ya bunduki yenye teke, inayorudi nyuma kwa nguvu ikipigwa. Lile kovu la Rustam lilitoka huko. Akiulizwa, alisema ni cheti chake cha shule.

Katika magemu wote, niliyempenda alikuwa Mzee Kazungu. Alikuwa Mgiriama mrefu, mzito wa kusema, aliyelinda mashamba kutoka Kisauni mpaka Mwakirunge, mahali ambapo siku zile pori lilianzia nyuma ya mahindi ya watu na nyati waliingia kula alfajiri. Kila mara alifuatana na Maalim Shee, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mfupi mwenye ndevu za hina, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, kisu amekiviringisha kitambaa.

Msishangae mwalimu wa chuo kufuatana na gemu. Nyati akiuawa shambani nyama ilikuwa ya kijiji kizima, na kijiji kilikuwa cha watu waliochanganyika. Mnyama aliyekufa kwa risasi peke yake, nusu ya kijiji haimgusi. Walitaka kisu, tena kisu cha Mwislamu, na Kazungu hakuwa Mwislamu. Basi wazee hawa walikuwa na utaratibu wao. Kazungu humpiga nyati begani, naye huanguka. Maalim Shee hutoka mafichoni, akakimbia, akamwahi na kisu kabla roho haijatoka. Muda wote huo Kazungu hubaki na bunduki begani, akingoja, maana nyati aliyeanguka si lazima awe amekubali kuanguka. Bwana Nyama, yule ofisa wa Kizungu aliyekuwa juu yao, aliwaona wendawazimu, lakini mashamba yalikuwa salama, akawaacha.

Siku moja nilimuuliza Maalim Shee kama haogopi.

"Naogopa sana," alisema. "Ndiyo maana nakimbia."

Mwaka wangu wa pili Kazungu aliingia karakanani peke yake, akaufunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa sababu ya joto. Aliiweka bunduki mezani.

"Fundi," alisema, "chuma kimeyeyuka."

Rustam alielewa upesi kuliko mimi. Kulenga kwa macho matupu kunataka jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: mwanya wa nyuma ya mtutu, nundu ya mbele yake, na mnyama. Jicho la mtu mzima huchoka na vya karibu. Kazungu alimwona nyati vizuri sana, ila nundu ya bunduki yake mwenyewe ilikuwa imegeuka moshi. Darubini huondoa taabu hiyo, kwa kuwa nyuzi mbili zilizokatana ndani yake huonekana mahali pamoja na mnyama, jicho halihangaiki huku na huko.

"Maalim anajua?" Rustam aliuliza.

"Yeye ndiye aliyenileta. Yuko nje, anaona haya kuingia."

Nilitazama dirishani. Maalim Shee alikuwa amechutama kivulini, akichora mchangani kwa kijiti. Jambo lilikuwa wazi kwetu sote wanne. Kazungu akinyang'anywa bunduki hana kazi nyingine, na akibaki nayo bila kuona, mtu anayekimbia mbele yake ni yule aliyechutama pale nje. Nilihuzunika, na nilikuwa kijana ambaye bado hajazoea kuwahuzunikia wakubwa wake.

Bwana Nyama aliombwa darubini akaikubali bila kuuliza sababu. Alidhani ni maendeleo. Alikubali moja tu. Nasi kwenye makopo yetu tulikuwa na mbili za kufaa.

Ya kwanza iliachwa na mwindaji mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuza mara sita. Kioo chake cha mbele kilikuwa kipana, kimepakwa dawa yenye rangi ya zambarau iliyofifia, na alfajiri ilipokuwa bado kijivu uliona jani mojamoja. Ukiitazama hutaki kuiacha. Ya pili ilikuwa fupi, nyembamba, ya zamani, inakuza mara mbili na nusu, kioo chake kitupu, na jua likiwa chini huonyesha mambo kwa kizakiza. Rustam alisema ni darubini ya mtu asiyependa kusumbuliwa.

Kazungu aliiweka ya kwanza jichoni pale mlangoni, akakaa nayo mpaka chai yake ikapoa.

"Yule mtu wa ng'ambo ana kiraka begani," alisema hatimaye. "Naona na uzi."

"Hiyo itakukata nyusi," Rustam alimwambia. "Yataka jito karibu."

"Nyusi ninazo mbili."

"Tena ni nzito. Yapanda juu ya mtutu, bunduki yaelemea mbele. Na ukikimbia nayo kwenye miba, kioo kipana hicho ndicho cha kwanza kugonga mti. Hini ndogo waweza kuanguka nayo."

"Na alfajiri, Fundi? Nyati haji saa nne kuninywea chai."

Ndivyo kazi yetu ilivyo, vijana, na makaratasi hayatawaambia: darubini haikupi kitu bila kukunyima kingine, na anayejua unachoweza kukosa ni wewe unayekwenda nayo. Mimi mwenyewe ningeichukua ile kubwa kwa moyo mkunjufu.

Ikaamuliwa zijaribiwe. Tulikwenda kwenye machimbo ya mawe ya Mwakirunge siku ambayo wachimbaji hawakuwapo, ukuta mweupe wa jiwe ukipokea risasi nyuma ya karatasi zetu. Kazungu alipiga kwa ile kubwa, nami nikaenda kutazama: matundu yote yangefunikwa na kiberiti. Tukafunga ile ndogo, tukaipatanisha upya na bunduki, akapiga tena: sahani ya kikombe ingeyafunika, lakini kwa taabu. Kazungu alitabasamu. Rustam aliinua mikono, akaanza kuifunga tena ile kubwa.

Ndipo Maalim Shee, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akijipepea, akauliza, "Na mimi n'ko wapi humo?"

Rustam aliendelea kukaza skrubu.

"N'nauliza tu. Nyote mwatazama tundu la karatasi. Mimi si karatasi."

Alinyoosha mkono mbele ya Kazungu. "Nipa bolti."

Bolti ni kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu. Bunduki bila bolti haina tofauti na bomba. Kazungu aliichomoa akampa. Maalim Shee akaishika mkononi, akakusanya kanzu, akatembea mpaka karibu na ukuta, kando.

"Tazama karatasi yako," alisema kwa sauti. "Nikiingia, sema."

Alianza kukimbia kuelekea kwenye karatasi, mkono wenye bolti ameuinua juu, ndevu nyekundu zikitikisika. Kazungu alikuwa ameinamia ile darubini kubwa, ametulia. Maalim alikimbia, akakimbia, akakaribia. Sisi tulimwona. Kazungu hakusema. Alipofika hatua moja tu kutoka kwenye karatasi, Kazungu alirudi nyuma na kuketi kwa kishindo mchangani, maana kioo kizima kilikuwa kimejaa sikio na ndevu.

"Tena," alisema Maalim Shee akihema. "Kwa ile nyengine."

Kwa ile ndogo Kazungu alisema "Nakuona" wakati Maalim angali na nafasi ya kutosha ya nyati kulala kati yake na karatasi. Rustam alimfundisha palepale kuyaacha macho yote mawili wazi, jambo ambalo darubini ndogo huliruhusu na kubwa hulikataa. Wakarudia. "Nakuona." Hakuna aliyetaja kiberiti wala sahani tena. Kazungu aliifunga ile kubwa kwenye kitambaa chake kwa upole, kama mtu anayefunika chakula atakachokikosa, akamrudishia Rustam.

Tangu siku hiyo walifanya vilevile kila walipotoka. Kabla ya kuingia mafichoni, Kazungu hulenga kichuguu au kisiki, bolti anayo Maalim, naye Maalim huingia kutoka kando ameinua mkono. "Waniona?" "Nakuona, Maalim." Kisha bolti hurudi kwenye kiganja cha Kazungu, na kazi inaanza. Hawakucheka wakilifanya, na mimi sikuwahi kuona sala fupi kuliko hiyo.

Rustam alinituma nifuatane nao mara za mwanzo, nikague kama vibano vinashika. Shamba lilikuwa la Bi Mishi, mjane mwenye ulimi, huko Mwakirunge. Asubuhi ya kwanza nyati alikuja mapema, mwanga bado hafifu, akasimama ndani ya mahindi akila taratibu, umande ukimdondoka. Nakumbuka ukungu ulivyokaa chini, mnyama akaonekana hana miguu. Kazungu alilenga kwa muda mrefu, kisha akaishusha bunduki. Kwenye kioo kile kidogo bega na kivuli vilikuwa kitu kimoja. Kwa ile kubwa angepiga. Nyati alishiba, akaondoka.

"Mmekuja kumwinda au kumwamkia?" Bi Mishi alituuliza, akiokota mabua yake.

Kazungu aliomba radhi. Tulirudi kesho yake, mbingu ikiwa safi zaidi. Nyati alikuja, mwanga ukaja baada yake kidogo, na Kazungu akapiga. Mnyama alipiga magoti, akalala ubavu. Maalim Shee alikuwa ameshatoka mbio. Alikuwa katikati ya safari yake wakati nyati alipoinua kichwa, kisha kifua, kisha mwili mzima, akasimama akitikisika, amemwelekea.

Nilikuwa kando ya Kazungu. Niliona kidole chake kikikaza, kisha kikaachia. Kwa pumzi moja, ndefu sana, hakufanya lolote. Maalim Shee alijitupa nyuma ya kichuguu. Mlio ulitoka palepale, nyati akaanguka kwa mara ya mwisho, na Maalim akatoka huko nyuma amejaa udongo, bismillahi mdomoni, akamaliza kazi yake.

Baadaye, watu wakigawana nyama na Bi Mishi akitusifu kana kwamba jana haikuwapo, nilimuuliza Kazungu mbona alingoja.

"Ncha ya kanzu," alisema. "Pembeni kabisa, hapa." Akagusa ukingo wa kioo kwa ukucha. "Nyeupe. Nikangoja itoke."

Kisha akaomba maji.

Miaka ile ilipita upesi, au ndivyo inavyonijia sasa. Watu walizungumza habari za bendera na nani atakuwa nani. Changamwe walikuwa wakijenga kiwanda cha kusafisha mafuta, na rafiki zangu waliniita nikaajiriwe huko. Nilibaki na makopo yangu ya mchele. Bunduki ya Kazungu iliingia na kutoka. Kila ilipokuja niliifungua darubini ile ndogo, nikaipangusa, na kuitazama dunia kupitia kwayo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ulipokaribia uhuru Kazungu alianza kupangusa kioo kisicho na vumbi. Rustam alimkalisha mlangoni, akamfumbua kope, akaona weupe mdogo umeanza juu ya mboni. Ulikuwa ni mtoto wa jicho. Alikwenda rafuni, akaleta lile kopo, akaifungua ile darubini kubwa. Rangi yake ya zambarau ilikuwa vilevile.

"Hini ina mwanga," alisema. "Itakupa mwaka mwengine. Pengine miwili."

Kazungu aliishika bila kuiweka jichoni. "Na Maalim nimpeleke wapi?"

"Mwambie asikimbie tena. Piga, nyati afe, basi. Wanaotaka kula na wale."

"Hiyo ni kazi nyingine, Fundi. Si yangu."

Akairudisha kwenye kopo mwenyewe. Nasema wazi: uchaguzi ule wa machimboni ulimfupishia kazi, naye alilijua hilo siku ileile alipoufanya. Nimekutana na watu wengi waliochagua vizuri. Wachache wamelipa bei yake na kunyamaza hivyo.

Mara ya mwisho tulikuwa tena kwa Bi Mishi, jua likiwa limeshachomoza, asubuhi safi isiyo na ukungu. Nyati wawili walikuwa upande wa chini wa shamba, hawajatunusa. Kazungu alilenga kichuguu. Maalim Shee, ndevu sasa zina hina zaidi ya nywele, alichukua bolti akaenda kando, akaanza kuingia, mkono juu. Siku hizo hakuwa akikimbia, alitembea haraka.

"Waniona?"

Kazungu alikaza jicho kwenye kioo. Maalim alisogea hatua chache.

"Sasa?"

"Sikuoni, Maalim."

Akasogea tena. Mimi nilimwona mpaka kifundo cha kitambaa chake. Alikuwa amefika kwenye kichuguu chenyewe, amesimama mbele yake, kanzu nyeupe juu ya udongo mwekundu, bolti inang'aa juani.

"Na sasa, yakhe?"

Kazungu aliinua kichwa kutoka kwenye darubini. Aliilaza bunduki juu ya majani, taratibu, akaipangusa kitako kwa kiganja.

"Leo sikuoni," alisema.

Maalim Shee akaushusha mkono, akarudi kwa mwendo wa kawaida. Bi Mishi, nyuma yetu, aliinama akaanza kuokota mabua. Nyati waliendelea kula. Maalim alipofika, Kazungu alikuwa amekwisha kufungua kiganja chake, kwa mazoea ya miaka yote ile. Maalim aliitazama ile bolti, akanipa mimi. Ndani ya kile kiganja aliweka mkono wake mwenyewe.

"Haya, inuka," alimwambia. "Jua litatuchoma."

Wakatangulia njiani wameshikana mikono. Mimi nilibaki na bunduki isiyokuwa ya mtu. Nikatoa bisibisi mfukoni, nikalegeza vibano. Ulengaji wake ungepotea, lakini haukuwa na kazi tena. Nikaiondoa darubini ile ndogo, nikaiweka jichoni. Niliwaona wote wawili, mrefu na mfupi, wakipungua kati ya mahindi, na pembeni yao, huku na huku, palikuwa na nafasi.